Ngonjera na Sherehe za Shule: Nani Aliyetunga Maneno?

Katika kurasa hizi tumezoea kukumbushana habari za mabweni, za mpira, na za wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Safari hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alilipitia na wachache wetu waliliuliza asili yake. Jambo hilo ni ngonjera. Hapakuwa na mahafali, siku ya wazazi wala sikukuu ya taifa ambayo shule yetu iliadhimisha bila ngonjera. Risala iliweza kufupishwa, kwaya iliweza kukatwa wimbo mmoja kwa sababu mgeni rasmi ana haraka, lakini ngonjera ilibaki.

Nina sababu mbili za kuliandika jambo hili. Ya kwanza ni kwamba ngonjera tuijuayo ni mali ya Dodoma. Haikuletwa na treni kutoka Dar es Salaam, maana mtu aliyeipa sura hiyo alizaliwa hapa kwetu Ugogo. Ya pili ni kwamba katika historia yake mna swali ambalo lingali linatuhusu tunapojitayarisha kwa sherehe ya kukutana kwetu. Mwanafunzi anaposimama mbele ya wazazi na kusema, je, maneno ni yake au ni ya mtu mwingine?

Nianze na hali ilivyokuwa kabla. Wakati wa Waingereza, na hata miaka michache baada ya Uhuru, sherehe za shule za sekondari zilikuwa za Kiingereza. Palikuwa na siku ya hotuba na zawadi, palikuwa na kwaya, na palikuwa na mchezo wa kuigiza, mara nyingi kipande cha Shakespeare. Kijana aliyeweza kuyatamka maneno yale bila kukwama alipigiwa makofi, ingawa mama yake aliyekuja kutoka kijijini hakuelewa hata neno moja. Sherehe ilikuwa ya shule, na mzazi alikuwa mtazamaji tu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alionyesha njia nyingine alipomtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Maana yake ilikuwa wazi kwamba lugha yetu inaweza kupanda jukwaani bila kuona haya.

Basi, mwenye ngonjera ni nani? Ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, upande ule ule ambako siku hizi umejengwa Mji wa Serikali wa Mtumba. Alizaliwa mwaka 1917. Alikuwa mtoto mchanga wakati njaa kubwa ya Mtunya ilipoipiga Ugogo kati ya 1918 na 1920, njaa ambayo wazee wetu waliitumia kuhesabia umri wa watu. Alipokua alifanya kazi za ukarani, kisha uliwali, na baadaye uhakimu. Mikono yake haikuacha kalamu. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, na mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Yafaa tulitafakari jambo hilo: Mgogo wa bara, ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, akawa miongoni mwa malenga wakubwa wa Kiswahili katika nchi nzima, na kiongozi wa chama cha UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Mwalimu akatoa maandishi ya Elimu ya Kujitegemea, akisema kwamba elimu tuliyoirithi iliwatenga vijana na jamii yao, na kwamba iliwafanya waone kuwa hekima yote imo vitabuni na wazee hawana la kuwafundisha. Mwaka 1968 Mwalimu alikutana na washairi akawaomba waitumie sanaa yao kuieneza siasa mpya kwa wananchi. Mnyampala aliitika kwa ngonjera. Alichukua shairi la kawaida, lenye beti za mistari minne, mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, akaligawa kwa watu wawili au zaidi wanaojibizana ubeti kwa ubeti. Mmoja ni mbishi au asiyejua, na mwenzake anajua na anamweleza. Wanavutana, kisha mwishoni mbishi anakubali na wote wanasema kwa sauti moja. Husemwa kwa moyo, kwa ishara za mikono na uso, na hata kwa mavazi.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba washairi wa pwani walikuwa wakijibizana tangu kale, kwa hiyo Mnyampala hakuanza na shamba tupu. Ni kweli, na haimpunguzii sifa. Kazi yake ilikuwa kuyachukua majibizano yale, ambayo malenga waliyafanya kwa karatasi na magazeti, akayaweka mdomoni mwa watoto wa shule mbele ya halaiki ya watu. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Yeye mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1969. Hakukiona kitabu chake mikononi mwa wanafunzi, wala hakusikia jinsi nchi nzima ilivyokuja kuzisema ngonjera.

Kwa nini zilienea upesi namna ile? Kwanza, ngonjera haina gharama. Mchezo wa kuigiza wataka jukwaa, pazia na mazoezi ya miezi, bali ngonjera yataka kivuli cha mwembe na vijana wanne. Pili, mizani na vina humsaidia mwenye kukariri, kwa kuwa akikosea neno sikio lake humwambia. Tatu, lugha ni Kiswahili, na mzazi anaelewa. Kwa hapa Dodoma naongeza sababu ya nne. Masikio ya watu wetu yamezoea kuitikiana. Asikilizaye akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, au wanaume wakiimba kwa zeze na ilimba, anajua kwamba sauti moja huanza na nyingine hujibu. Kwa wazazi wetu, ngonjera ilikuwa kitu kigeni chenye tabia ya nyumbani.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1974, kwa hiyo nilizikuta ngonjera zikiwa zimeshamiri. Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba zilitayarishwa kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa ya kitabu au ya mwalimu. Mwalimu alileta maneno, akagawa beti, nasi tukakariri tukitembea huku na huko nyuma ya bwalo. Ya pili ilikuja baadaye, alipofika mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa na maoni yake. Kabla ya sherehe alitukusanya jioni saba mfululizo baada ya kazi za shamba. Siku hizi mngeyaita mafunzo yale warsha. Sisi tuliyaita semina, kwa kuwa neno semina ndilo lililokuwa na heshima wakati ule.

Jioni ya kwanza hatukuandika kitu. Alituambia kila mmoja aseme jambo moja linalobishaniwa nyumbani kwao. Jioni ya pili tuligawanyika pande mbili tukabishana kwa maneno ya kawaida, kisha tukabadilishana pande, ili kila mtu atetee asichokiamini. Jioni ya tatu na ya nne tulijifunza kuhesabu mizani kwa vidole, nane kabla ya kituo kidogo na nane baada yake. Wale waliojifanya mabingwa wa hesabu waliona cha moto, maana herufi ya "m" katika "mtu" ni mizani moja peke yake, nao waliisahau kila mara. Jioni tatu za mwisho tulitunga, tukasomeana na kusahihishana. Mwalimu hakuandika hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali lile lile: "Je, mbishi amekwisha kusema yote aliyo nayo?"

Hilo ndilo swali ninalotaka mlitie akilini, kwa sababu linagusa mahali ngonjera ilipokuwa na nguvu na mahali ilipokuwa na ugonjwa. Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma, iliyowahamisha watu wa mkoa huu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Watu waliacha tembe zao, maboma ya ng'ombe na mashamba ya uwele na mtama waliyoyazoea. Wengine walipata shule, zahanati na maji karibu. Wengine waliona mashamba yamekuwa mbali na malisho yamebanana. Wengi wetu tulikuwa watoto wa watu hao. Halafu siku ya sherehe tulisimama mbele ya wazazi wale wale tukawasomea ngonjera ambamo mzee wa tembe ni mjinga, kijana wa kijijini ni mwerevu, na katika ubeti wa kumi mzee anaomba radhi.

Mimi nilipewa mara mbili sehemu ya mzee. Naweza kuwaambia kwa uhakika kwamba shangwe ilikuwa upande wake. Mzee aliposema kwamba ng'ombe hawajui kusoma ramani ya kijiji, wazazi walicheka wakapigana mabega. Kijana mwerevu alipojibu, walitulia kwa adabu. Katika ngonjera ya kukariri, mzee alikuwa na hoja mbili dhaifu kisha akashindwa. Katika ile tuliyoitunga wenyewe baada ya jioni saba, mzee alikuwa na hoja za kweli. Kijana alilazimika kufanya kazi kuzijibu, na hoja moja haikujibiwa kabisa. Mwisho wake walikubaliana kwamba kijiji ni chema, na kwamba lambo la kunyweshea ng'ombe lichimbwe kwanza. Hapakuwa na uasi wowote katika maneno yale, wala hatukukusudia uasi. Lakini baada ya sherehe wazazi walibaki chini ya miti wakiizungumza ngonjera ile mpaka jioni, jambo ambalo sikuliona kwa ngonjera nyingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema leo kwamba ngonjera zote za miaka ile zilikuwa kasuku wa siasa. Wala sikubaliani na wale wanaozisifu zote kwa kuwa zilitufundisha uzalendo. Ubaya au wema haukuwamo katika umbo la ngonjera. Ulitokana na matayarisho. Mbishi akinyimwa maneno, ngonjera ni tangazo lenye vina. Akipewa maneno yake yote, ni shule ya kufikiri.

Tena lipo jambo la lugha. Darasani tulisoma historia, jiografia na sayansi kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa, na mpaka leo Kiingereza ndicho kinachofundishia sekondari. Kwa hiyo kwa vijana wengi sherehe na matayarisho yake ndiyo yaliyokuwa mahali pekee shuleni pa kujenga hoja ndefu kwa lugha waliyoimudu. Mwenzetu aliyekaa kimya darasani mwaka mzima kwa kuogopa Kiingereza alisimama siku ya wazazi akasema beti nane bila kutetemeka. Siku hiyo ndipo walimu wengine walipomfahamu.

Baadaye mambo yalibadilika. Miongoni mwa washairi wenyewe palizuka mabishano makali. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na vijana wengi wakaona kwamba ushairi si lazima uhesabiwe kwa vidole. TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Ngonjera za ujamaa zilikosa kazi. Zenyewe hazikufa, bali zilihamia kwenye afya, UKIMWI, mazingira na sifa za mgeni rasmi.

Mbegu ya zile jioni saba ilichipua mahali pengine. Mwaka 1996 wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa TUSEME kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Utaratibu wake ulikuwa huu: wanafunzi hukutana kwa warsha, wanataja wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, wanayachambua, wanatunga mchezo, kisha wanauonyesha mbele ya shule na wakubwa na kujadiliana nao. Utaratibu huo ulivuka mipaka ukaenda nchi nyingine za Afrika. Angalieni mfuatano wake. Sherehe inakuja mwisho, na swali la mwanafunzi linakuja kwanza. Shule nyingi zimegeuza mfuatano huo, zikaanza na mgeni rasmi.

Naandika haya nikiwa mkazi wa Chang'ombe. Wenzetu wa Dar es Salaam wakisikia jina hilo hufikiri ni Chang'ombe yao, iliyokuwa na chuo cha ualimu ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa chuo kikuu kishiriki cha elimu. Naam, baadhi ya walimu waliotufundisha walitoka huko. Lakini Chang'ombe yangu ni ya hapa Dodoma, mtaa wa watu wengi na nyumba zilizokaribiana. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 shule za kata zimeongezeka, na watoto wa majirani zangu husoma kutwa na kurudi nyumbani jioni. Sisi wa bweni tulikuwa na jioni nyingi za pamoja. Wao wana kazi za nyumbani na njia ya kutembea. Kwa hiyo matayarisho ya sherehe yamefupishwa. Maneno huletwa yameandikwa tayari, siku mbili kabla, na jina la mgeni rasmi limeachiwa nafasi. Fedha huenda kwenye maturubai, vipaza sauti na vyakula. Siwalaumu walimu, kwa maana darasa ni kubwa na vipindi ni vingi. Lakini sisi wazee wa shule tukichanga fedha tunaweza kuchagua zifanye kazi gani.

Ombi langu la kwanza kwa halmashauri yetu ni hili. Sehemu ya mchango wa sherehe yetu itengwe kwa warsha ya kutunga, itakayofanyika kwa siku tano kabla ya mkutano, mchana baada ya vipindi, pamoja na chakula ili watoto wa kutwa wasirudi nyumbani na njaa. Mada wachague wanafunzi wenyewe. Dodoma yao ina mabishano ya kutosha. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, Serikali ilihamia kwa nguvu kuanzia 2016, mji ukawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na kila nyumba ina la kusema juu ya viwanja, maji na kodi ya pango. Mwenye kutetea na mwenye kupinga wapewe beti sawa.

Ombi la pili linawahusu ninyi wa rika langu. Ngonjera za Mnyampala zilichapwa, za kwetu zimo katika madaftari. Shule si mlima kwamba haiondoki. Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo kabla ya kupewa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi iliitwa Alliance, ilikuwa na sifa katika nchi nzima. Leo haipo, na tangu mwaka 2007 majengo yake ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Shule ikiondoka, ngonjera za wanafunzi wake hubaki katika masanduku ya waliosoma pale. Kwa hiyo mnapokuja kwenye mkutano, fungueni masanduku hayo. Daftari likiwa limeliwa na mchwa nusu, leteni nusu iliyobaki. Aliyekariri na hana karatasi aje na kichwa chake, nasi tutaandika akisema. Nakala zitawekwa katika maktaba ya shule, pamoja na jina la mtunzi na mwaka.

Na ninyi wadogo zetu, mkipewa ngonjera iliyokwisha andikwa, ikaririni vizuri, kwa maana kukariri nako kuna faida yake. Kisha muulizeni mwalimu wenu, kwa adabu, kama mbishi anaweza kuongezewa ubeti mmoja. Mkiruhusiwa, utungeni ninyi.